GARI HALIJAJAA

Sisi watu wa pwani tumelelewa kwa methali kuwa haraka haraka haina baraka. Tumeizoea hata tumeifanya ngao: mtu akichelewa arusini, akichelewa kazini, huitanguliza methali hiyo akajikinga nayo. Lakini mwezi uliopita nilisafiri hadi Kisii na Nyamira, na huko nilifunzwa, ndugu msomaji, kuwa kuna kukawia nako kusiko na baraka hata chembe.

Kisa chenyewe ni hiki. Rafiki yangu mmoja, Mgusii wa Nyamira, ambaye tulifanya kazi pamoja bandarini Kilindini miaka mingi kabla hajastaafu akarudi kwao, alifiwa na mama yake. Bibi huyo nilimjua. Alipata kuja Mombasa kumtazama mwanawe, akatutembelea nyumbani na mkungu wa ndizi aliousafirisha kutoka kwao, na tangu siku hiyo akaniita mwanawe. Nilipopata habari ya msiba nikasema, huyu sina budi kumtilia mchanga kwa mkono wangu. Mazishi yalikuwa Jumamosi, saa saba mchana.

Nikapanda treni hadi Nairobi, kisha basi la usiku. Nilifika Kisii asubuhi, ukungu ungali umetanda juu ya vilima. Nikauliza msikiti, nikatawadha, nikaswali. Wazee wa Kinubi, ambao babu zao walikuja na jeshi la Waingereza wakaloea huko, wakanikaribisha chai kwa Kiswahili safi kama kwamba niko Bondeni. Saa nne u nusu nilikuwa kituoni, na roho yangu imetulia. Kutoka Kisii hadi Nyamira si mbali. Nikajua nitafika mapema.

Mji wa Kisii umekaa mteremkoni, na barabara kuu itokayo Kisumu kwenda Migori hadi mpaka wa Tanzania hupita katikati yake. Basi hapo hapo hupita malori, mabasi ya mbali, matatu, pikipiki, mikokoteni na mama wauza mboga. Kati yao huchomoza gari ndogo aina ya Probox, ambayo katika Kisii na Nyamira ndiyo miguu ya watu. Iliundwa kuchukua watu watano pamoja na dereva. Huko nimeihesabu ikiwa na kumi, mmoja wao akigawana kiti na dereva mwenyewe. Mtu huyo, na namna hiyo ya kukaa, huitwa sambaza.

“Alhaji! Nyamira, Nyamira! Tunaondoka sasa hivi!” manamba aliniita kwa sababu ya kofia yangu, nami kuhiji sijahiji bado. Nikaingia. Ndani alikuwamo ajuza mmoja amefungwa kitambaa cheupe jichoni, ametoka hospitali, na binti yake amemshika mkono. Wakasogea wakanipa nafasi.

Saa tano ikapita. Nikauliza. “Gari halijajaa, mzee.” Saa tano u nusu nikauliza tena. “Bado wawili tu, mzee.” Wawili wakaja, kumbe bado wawili wengine. Yule ajuza hakusema neno. Binti yake alimpepea kwa karatasi ya hospitali, kisha akaniambia taratibu, “Baba, usijichoshe kuuliza. Tumo humu tangu saa tatu.”

Nilitaka kumkasirikia dereva, lakini alipozungumza nikamwonea imani. Gari si lake. Kila jioni lazima ampelekee mwenye gari hesabu yake, atie mafuta, alipe ada ya kituo, na kinachobaki ndicho chakula cha watoto. “Nikiondoka na viti vitupu,” alisema, “nimefanya kazi ya bure. Huku gari haliendi kwa saa, mzee. Linakwenda kwa vichwa.”

Neno hilo lilinikumbusha Dar es Salaam.

Mwaka 2018 nilikwenda huko kumtazama dada yangu aliyeolewa Kimara. Zamani mtu wa Kimara akitaka kufika mjini asubuhi aliweza kukaa ndani ya daladala saa mbili na zaidi. Tangu Mei 2016 kumekuwa na mabasi ya mwendokasi. Nilikata tiketi dirishani kabla ya kupanda. Sakafu ya kituo ililingana na sakafu ya basi, hata mzee mwenye mkongojo akaingia bila ya kuinuliwa. Basi refu, la mita 18, lenye kiungo katikati, likashika njia yake Ubungo, Manzese, Magomeni, Jangwani, hadi Kivukoni penye feri, na huku magari ya fahari yamesimama kando yake yakipiga honi. Njia hiyo ya kwanza, pamoja na matawi yake ya Gerezani na Morocco, ina urefu wa kilomita 21 hivi.

Hapo ndipo nilipofahamu kuwa siri ya mwendokasi si basi. Basi ni bati na magurudumu kama mengine. Siri ni njia: kipande cha barabara kimetengwa, na asiye basi haruhusiwi kukikanyaga.

Wazo hili halikuanzia kwetu. Mji wa Curitiba, huko Brazil, ulitenga njia za mabasi mwaka 1974, chini ya meya Jaime Lerner, kwa sababu haukuwa na fedha za kuchimba reli ya chini ya ardhi. Bogotá, mji mkuu wa Colombia, ukafuata Desemba 2000. Meya wake wa wakati huo, Enrique Peñalosa, amezoea kueleza kuwa basi lenye watu 80 linastahili nafasi ya barabara mara 80 kuliko gari lenye mtu mmoja. Hesabu hiyo haihitaji chuo kikuu. Ni hesabu ya haki.

Sisemi kuwa Dar es Salaam ni peponi. Mabasi yalikuja kuwa machache kuliko watu, foleni zikawa ndefu, watu wakabanana, na karakana ya Jangwani, iliyojengwa bondeni mwa mto Msimbazi, imefurika maji zaidi ya mara moja. Nairobi nako mamlaka ya usafiri wa jiji iliundwa mwaka 2017, njia tano zikapewa majina ya wanyama: Ndovu, Simba, Chui, Kifaru na Nyati. Mwaka 2018 mistari myekundu ikapakwa barabara ya Thika kuonyesha njia ya mabasi. Rangi ilikuja, basi halikuja, na miaka ikapita mistari ikififia chini ya magurudumu ya kila mwenye gari.

Je, Kisii na Nyamira wajengewe mwendokasi? Hapana, sikusudii hivyo. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira 605,576, nao wamesongamana, kwa upande wa Kisii, zaidi ya 900 katika kilomita moja ya mraba. Shamba la mtu ni kama kiganja, limepandwa chai, migomba na mahindi hadi ukingoni mwa lami. Ukitaka njia ya pili utaipitisha juu ya kaburi la baba wa mtu.

Lakini yapo mambo ya mwendokasi yasiyohitaji saruji. Gari kuondoka kwa saa, limejaa au halikujaa. Dereva kulipwa mshahara, asiwe mateka wa vichwa. Nauli kuwa ile ile, kunyeshe kusinyeshe. Kiti kimoja, mtu mmoja. Haya yanataka wenye magari wakubaliane na serikali ya kaunti isimame pamoja nao, basi.

Tuliondoka saa sita na robo, tumo kumi. Yule ajuza alibanwa mlangoni, mkono mmoja ameuweka juu ya kitambaa cha jicho ili lisigongwe na bega la jirani. Njiani tulisimama mara sita. Nilishuka nikachukua pikipiki, tukakata mashamba ya chai huku wingu zito linatufuata nyuma.

Nilipofika, watu walikuwa wanatawanyika. Waliiona mvua inakuja, wakaharakisha. Kaburi lilikuwa limekwisha funikwa, udongo mwekundu, umepigwa majembe ukalainika. Rafiki yangu alinikumbatia. “Umefika, ndugu yangu, yatosha,” alisema. “Hata shangazi zangu wa Keroka wako njiani bado.” Keroka! Mji ulio pale pale mpakani mwa Kisii na Nyamira, na mimi nimetoka bahari ya Hindi.

Nikainama, nikachukua udongo kidogo nikaumimina juu ya udongo. Lakini haikuwa sawa, na mimi na yeye tulijua.

Utotoni chuoni tulifundishwa kuwa njia ina haki zake, na akaaye njiani hana budi kuzitimiza. Siku zile nilidhani maana yake ni kuondoa mwiba na kuitikia salamu. Leo naona imo pia saa ya mtu. Mwenye kumkalisha ajuza aliyetoka hospitali saa tatu na zaidi hakumwibia senti hata moja, lakini amemchukulia kitu. Wala si dereva peke yake aliyekichukua. Ni sisi sote tulioizoea desturi hiyo hata tukaipa methali.

Siku ya kurudi nilikwenda kituoni alfajiri. Gari lilikuwa na watu watatu. “Tunaondoka sasa hivi, Alhaji,” manamba alisema. Nikaketi, nikatoa tasbihi yangu mfukoni.