Taka za mashini zina bei: namna ya kupima kinachopotea

Mchele ukitoka Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, kupanda hadi Minembwe, bei yake inaongezeka njiani. Wakaaji wanajua sababu: njia mbaya, usalama mdogo, malipo ya wabebaji. Lakini kuna hasara nyingine inayoanza mapema, ndani ya mashini ya kukoboa mpunga, na hiyo ni wachache wanaoipima.

Hesabu yenyewe ni hii. Katika kilo 100 za mpunga mkavu, karibu kilo 20 ni maganda na kilo 10 hivi ni pumba. Mashini nzuri inaweza kutoa mchele kilo 65 hadi 70. Mashini ndogo za zamani, zile za rola moja ya chuma, mara nyingi zinatoa kilo 50 hadi 55 tu. Mchele unaokosekana haukuyeyuka: umevunjika vipande na kuingia ndani ya pumba.

Chukua mfano wa mashini inayopokea mifuko 20 ya kilo 50 kwa siku, yaani tani moja. Ikitoa kilo 52 kwa kila 100, mwishoni kuna mchele kilo 520. Ikitoa 65, kuna kilo 650. Tofauti ni kilo 130 kwa siku moja tu.

Nani analipa hasara hiyo? Pale ambapo mteja analipa kwa uzito wa mpunga aliouleta, mwenye mashini anapata pesa yake ileile, mchele utoke mwingi ao kidogo. Pumba zikibaki kwake, anaweza hata kuziuza. Basi haraka ya kutengeneza mashini inatoka wapi? Hasara yote inamwangukia mkulima, kisha mama anayenunua sokoni.

Viwanda vikubwa duniani vimekutana na swali hilo. Mwaka 2011 shirika la kimataifa la viwango, ISO, lilitoa kanuni namba 14051. Wazo lake ni rahisi: kinachotupwa kihesabiwe kama bidhaa, juu nacho kilinunuliwa, kikatumia mafuta na kikachukua nguvu za wafanyakazi. Aliyetupa kilo 13 hakutupa mpunga peke yake. Ametupa pia mazutu na kazi.

Kupima hakuombi kompyuta. Mizani na daftari vinatosha. Mpunga unapimwa ukiingia. Kisha mchele, maganda na pumba vinapimwa kila kimoja peke yake. Hesabu ya vitatu ikijumlishwa, inapaswa kukaribia uzito ulioingia. Ikipungua sana, kuna kilichomwagika, kilichopeperuka ao kilichochukuliwa. Litre za mazutu nazo ziandikwe. Kupima siku moja hakutoshi. Ni daftari la wiki nyingi linaloonyesha kama rola imechakaa.

Kosa si la mashini kila mara. Mpunga wenye maji mengi unapondeka, na ule uliokaushwa kupita kiasi ao kwa jua kali unapasuka. Unyevu unaofaa kukoboa ni karibu asilimia 14. Kwa hiyo kazi ya kupunguza hasara inaanza kwenye turubai la kuanikia.

Hesabu hiyo inafaa kazi zingine pia. Kwa mafuta ya mawese, makapi yanayotoka kwenye kikamulio yakiwa bado yanateleza mkononi, mafuta yamebaki ndani. Kwa maziwa, chakula cha wafugaji wa Minembwe, litre 10 zinatoa karibu kilo moja ya jibini gumu; maji yanayobaki yanaweza kunyweshwa nguruwe.

Maganda hayawezi kuisha, lakini yanaweza kuchoma matofali, na pumba zikalisha kuku. Ila mchele uliojificha ndani ya pumba ulikuwa wa sahani. Mteja anayetaka kujua wake umeenda wapi ana haki ya kuomba mambo mawili: mfuko wake upimwe kabla, na upimwe tena baadaye.