Chumba cha Mfumo Kikijaa: Funzo la Ggaba kwa Askari Watunza Kumbukumbu

Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo walivyotuusia wazee wetu. Usia huo ni wa kuhimiza akiba, na kibaba kikijaa mwenye nacho hufurahi. Lakini kipo kibaba kingine ambacho kikijaa huleta msiba, nacho ni kile kilichomo ndani ya kompyuta kuu ziitwazo seva, ambazo siku hizi zimekabidhiwa askari katika makambi na vituo vya polisi.

Ndugu zetu askari hawahitaji kuelezwa sana thamani ya kumbukumbu. Orodha ya zamu, daftari la silaha, hesabu ya posho na majalada ya kesi vyaweza vyote kutunzwa ndani ya mashine moja. Mashine hiyo ikigoma, mpelelezi hana jalada la kupeleka mahakamani, na mtunza ghala hajui bunduki ipi imetoka na ipi imerudi. Kwa hiyo tunaona yafaa tueleze sababu moja ya mgomo huo ambayo ni ya kawaida mno, na jinsi ya kuukabili bila kuharibu mali ya umma.

Diski ya seva aghalabu haitumiwi ikiwa nzima. Hukatwa vipande viitwavyo patisheni, kama nyumba inavyogawanywa vyumba. Chumba kimoja huwekewa mfumo wa uendeshaji, yaani programu zinazoiamsha na kuiongoza mashine. Katika Windows chumba hicho hujulikana kwa herufi C. Katika Linux huonyeshwa kwa alama ya mkwaju. Hapa ndipo wengi wanaposhangaa: diski yaweza kuwa na nafasi tupu ya terabaiti nzima, na bado seva ikasimama, kwa kuwa chumba cha mfumo chenye gigabaiti 60 kimejaa pomoni. Nafasi ya chumba cha jirani haimsaidii aliyefungiwa katika chumba chake.

Mfano wa Ggaba

Tutazame Ggaba, ukingoni mwa Ziwa Victoria, kusini mashariki mwa jiji la Kampala. Hapo ndipo maji ya ziwa yanaposafishwa, yakasukumwa hadi matangi ya kilima cha Muyenga, kisha yakateremka mjini. Jiji lilipokua, mtambo wa kwanza, uliojengwa zama za ukoloni, haukutosha. Shirika la Taifa la Maji na Majitaka, lililoundwa mwaka 1972, likaongeza Ggaba ya pili mwaka 1992, na Ggaba ya tatu mwaka 2007. Wakati huohuo, mfereji wa Nakivubo ulikuwa ukimwaga uchafu wa jiji katika ghuba ileile yanakotekwa maji, na kazi ya kuyasafisha ikazidi kuwa ngumu. Hatimaye mtambo mwingine ukajengwa mbali, huko Katosi, wilayani Mukono.

Basi tunapata njia tatu: kuzuia uchafu, kupanua palepale, au kuhamishia mzigo mahali pengine. Mwenye seva iliyojaa naye ana njia hizo tatu.

Kabla ya yote, nakala

Hata hivyo, njia yoyote isishikwe kabla ya kuchukua nakala ya akiba ya seva nzima, ikawekwa nje ya mashine hiyo, na ikajaribiwa kwamba inarudishika. Wapo wanaojiamini kwa kuwa seva yao ina diski mbili pacha, ambapo kila kinachoandikwa katika moja huandikwa katika nyingine. Diski pacha humkinga mtu na kifo cha diski. Hazimkingi na kosa la mkono wake, kwani kilichofutwa katika moja hufutwa papo hapo katika pacha wake. Kusogeza mipaka ya patisheni bila nakala ni sawa na kuvuka mto usiku bila kupima kina.

Kuzuia uchafu

Mara nyingi kinachojaza chumba cha mfumo si kazi ya askari, bali ni masalia. Seva huandika daftari la matukio yake mchana na usiku, kama kituo cha polisi kinavyoandika lake, na daftari hilo lisipowekewa kikomo hukua bila mwisho. Masasisho ya zamani nayo hubaki, pamoja na mafaili ya muda yaliyosahauliwa na wenyewe.

Usafi huu una miiko. Katika Windows kuna folda liitwalo WinSxS, ambalo huonekana kubwa na la kutamanisha kufutwa. Lisiguswe kwa mkono. Lina vipande ambavyo mfumo wenyewe unavitegemea, na husafishwa kwa zana za Windows yenyewe, kama amri ya DISM. Katika Linux, faili ambalo programu bado inaliandika likifutwa, jina lake hutoweka lakini nafasi yake hairudi mpaka programu hiyo ilifunge. Wengi wamefuta, wakatazama, wakakuta chumba bado kimejaa, wakazidi kufuta hata vilivyo na faida.

Kupanua

Ikiwa usafi hautoshi, ukuta hauna budi kusogezwa. Kanuni kuu ya Windows ni kwamba chumba hupanuka kuelekea kiwanja kitupu kilichopakana nacho upande wa kulia, wala si kingine. Kiwanja kikiwa nyuma ya chumba cha jirani, kitufe cha kupanua hukataa kubonyezwa. Katika seva nyingi za siku hizi jirani huyo ni patisheni ndogo ya uokozi, ambayo Windows huiweka mara baada ya C. Mtaalamu huizima kwa amri ya reagentc, huibomoa, hupanua C, kisha huijenga upya mwisho wa diski. Asiyeielewa kazi hiyo aiachie mwenye kuielewa.

Seva pepe, yaani ile iliyomo ndani ya seva nyingine, hutaka hatua tatu kwa mpangilio: kukuza diski yenyewe, kisha patisheni, kisha mfumo wa mafaili uliomo ndani yake. Ikiachwa hatua ya mwisho, mtu ataapa kwamba ameongeza gigabaiti 100, na seva itaendelea kulia njaa. Katika Linux kazi ya hatua mbili za mwisho hufanywa na programu kama growpart na resize2fs. Patisheni za aina ya XFS hukua lakini hazipungui. Kwa hiyo anayeigawa diski asimpe kila mmoja ardhi yote siku ya kwanza. Tena, diski iliyogawanywa kwa jedwali la kale la MBR kwa kawaida haitumiki zaidi ya terabaiti 2. Zaidi ya hapo hutakiwa jedwali la GPT.

Kuhamisha

Njia ya tatu ni ile ya Katosi. Picha, majalada na hifadhidata havina haki ya kukaa katika chumba cha mfumo. Jeshi la Polisi la Uganda lilipozindua kituo chake cha kamera za ulinzi huko Naguru mwaka 2019, wananchi walizizungumzia sana kamera. Lakini kila mwenye kamera hana budi kufikiri pia picha zitalala wapi, kwani hakuna kinachokula diski upesi kama picha za video. Mizigo ya namna hiyo ipewe patisheni yake, na ikiwezekana diski yake, ili ikijaa isiuzime moyo wa mashine.

Wajibu wetu

Mfumo wa mafaili wa ext4 una desturi ambayo askari ataipenda: kwa kawaida hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya mkuu wa mfumo peke yake, ili hata wengine wote wakikwama yeye aweze kuingia na kuokoa. Hicho ni kikosi cha akiba. Nasi tuige busara hiyo. Chumba cha mfumo kikifika asilimia 80, mtunza seva atoe taarifa kwa mkuu wake kwa maandishi, na ukaguzi huo uingizwe katika zamu ya kila juma kama ukaguzi wa silaha unavyoingizwa.

Askari hangoji risasi ziishe ndipo azihesabu. Na ahesabu vilevile nafasi ya seva aliyokabidhiwa, kwa maana siku itakapojaa, kitakachokosekana kitakuwa ni haki ya mwananchi aliyeleta shauri lake kituoni.