Faili za Nukta: Kuipanga Sheli kwa Lugha za Kaskazini Mashariki

Sheli ni programu inayopokea amri zilizoandikwa kwa maneno na kuifanya kompyuta izitekeleze. Katika mifumo mingi ya Linux sheli hiyo ni Bash, iliyoandikwa na Brian Fox na kutolewa mwaka 1989. Kila dirisha jipya la amri linapofunguliwa, Bash husoma faili ya maandishi iitwayo .bashrc, iliyomo katika folda ya mtumiaji. Nukta iliyotangulia jina huificha isionekane kwenye orodha ya kawaida. Amri ya ls -a huifichua. Faili nyingine, .profile, husomwa mara moja tu, mtumiaji anapoingia kwenye mashine.

Ndani ya .bashrc huandikwa vifupisho vya amri ndefu, idadi ya amri za kukumbukwa (Bash hukumbuka 500 isipoelekezwa vingine) na orodha ya folda zenye programu, yaani PATH.

Kwa wakazi wa Garissa, Wajir na Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, jambo lenye uzito zaidi ni lugha. Maktaba ya glibc, ambayo Linux nyingi huitegemea, ina mpangilio wa so_KE kwa Kisomali cha Kenya, om_KE kwa Kioromo cha Kenya na sw_KE kwa Kiswahili. Mipangilio hii imo ndani ya programu tangu zamani, nayo inastahili kutumiwa. Amri ya locale -a huorodhesha iliyo tayari. Ikiwa so_KE inakosekana kwenye Ubuntu, msimamizi wa mashine huandika:

sudo locale-gen so_KE.UTF-8

Kisha mstari mmoja huongezwa katika .bashrc:

export LC_TIME=so_KE.UTF-8

Baada ya amri ya source ~/.bashrc, ambayo huisoma faili upya, date +%A siku ya Jumatatu hujibu Isniin. Mtumiaji akiweka sw_KE, atajibiwa Jumatatu. Inafaa kuanza na LC_TIME, inayogusa tarehe na saa tu. LC_ALL hufunika kila kitu, hata alama ya desimali na utaratibu wa kupanga herufi, na huweza kuvuruga skripti zilizoandikwa kwa mpangilio mwingine.

Anayefanya kazi kwenye seva ya ng'ambo huongeza export TZ=Africa/Nairobi, ili saa anayoiona iwe ya nyumbani.

Pale kompyuta moja inapotumiwa na wengi, kama katika maabara ya chuo au kituo cha masomo huko Dadaab, mipangilio hupotea kwa urahisi. Faili hizi ni nyepesi mno, hivyo hutosha kwenye flashi yoyote. Njia bora zaidi ni programu ya Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005: huhifadhi kila badiliko kwenye mashine yenyewe bila mtandao, na nakala hupelekwa mbali mtandao ukirudi. Maneno ya siri yasiwekwe humo kamwe, kwa kuwa Git huyahifadhi katika historia hata yakishafutwa.

Kabla ya kuhariri, faili inakiliwe kwa cp ~/.bashrc ~/.bashrc.zamani. Mstari wenye kosa ukiizuia sheli kufunguka vizuri, bash --norc huianzisha bila kuisoma .bashrc. PATH ikiharibika, amri bado hupatikana kwa anwani kamili, mfano /bin/cp, na nakala ya zamani hurudishwa.