Siku ya mazoezi si siku ya kushinda njaa

Watu wengi wanaotaka kupunguza uzani huanza mambo mawili kwa pamoja: wanafanya mazoezi na papo hapo wanapunguza chakula. Hapo hakuna ubaya. Ubaya huja wanapoyafanya yote mawili kwa ukali, tena siku moja. Mtu ametoka nyumbani alfajiri na kikombe cha strungi, mchana amekula tofaa moja afisini, na saa kumi na mbili jioni yumo jimu akiinua vyuma. Kisha anashangaa akiona kizunguzungu.

Hebu tuangalie mwili wako unavyofanya kazi. Misuli ikianza kutumika kwa nguvu, hutegemea sana sukari iliyowekwa akiba, ambayo madaktari huiita glaikojeni. Mtu mzima huwa na takriban gramu 400 za akiba hiyo katika misuli na gramu 100 hivi katika ini. Hii ya ini ndiyo inayozuia sukari ya damu isishuke, na usiku mmoja tu wa kulala bila kula huipunguza sana. Ukiongezea mchana mzima wa njaa, jioni unaingia mazoezini ghala likiwa karibu tupu.

Utaniuliza, "Daktari, si nina mafuta tele tumboni? Si yatumike hayo?" Yatatumika, lakini mafuta huwaka polepole kama gogo bichi. Yanatosha kwa kutembea, hayatoshi kwa kukimbia mlima. Kwa hivyo utachoka mapema na zoezi lenyewe litakuwa hafifu. Isitoshe, njaa ikizidi siku baada ya siku, mwili huanza kuvunja protini ya misuli ili upate nguvu. Mizani itakuonyesha umepungua, kumbe umepoteza nyama uliyokuwa ukiijenga na kitambi kingali pale pale.

Mizani hudanganya kwa njia nyingine pia. Kila gramu ya glaikojeni hushika gramu 3 hivi za maji. Ndiyo maana anayeacha ugali na chapati ghafla hupungua kilo moja au mbili katika wiki ya kwanza, akasherehekea. Yale ni maji, na yatarudi mara atakapokula.

Kisa cha kule Marekani kinatufunza mengi. Katika miaka ya 1944 na 1945, Ancel Keys na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliwachunguza wanaume 36 waliojitolea. Walikuwa wamezoea kalori 3,200 hivi kwa siku. Kwa wiki 24 walipunguziwa hadi takriban 1,570, na huku wakitakiwa kutembea kilomita 35 kila wiki. Walipoteza karibu robo ya uzani wao, ni kweli. Lakini pia walihisi baridi muda wote, mapigo ya moyo yakapungua, wakawa wepesi wa hasira, na mawazo yao yote yakawa ni chakula. Waliporuhusiwa kula tena, baadhi yao walikula bila kushiba. Anayejinyima kutwa kisha saa nne usiku akamaliza sufuria ya wali si mlafi. Mwili wake unadai deni.

Sasa tufanye hesabu, maana wapo pia wanaokosea upande wa pili. Anayekimbia hutumia takriban kalori moja kwa kila kilo ya uzani wake katika kila kilomita. Mtu wa kilo 80 akikimbia kilomita 5, ametumia kalori 400 hivi. Soda moja ya mililita 300 hurudisha zaidi ya 120, na sahani ya chipsi itamaliza zilizobaki na kupita. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kalori 7,700 hivi. Ukipunguza 500 kwa siku, utapungua karibu nusu kilo kwa wiki, hasa mwanzoni. Hiyo inatosha. Siku ya kukimbia, ongeza chakula cha kalori kama 200 juu ya kile unachokula siku ya mapumziko. Bado utakuwa umepunguza.

Uongeze nini? Saa moja au mbili kabla ya zoezi, kula ndizi mbivu, kipande cha nduma au kiazi kitamu, au mkate bila siagi nyingi. Baada ya zoezi, kula chakula kamili: githeri, au ugali wa kiasi na omena, maharagwe au ndengu, pamoja na sukuma wiki. Mtu anayefanya mazoezi huku akipunguza uzani anahitaji gramu 1.2 hadi 1.6 za protini kwa kila kilo yake. Yai moja lina 6 hivi, na kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kina 15. Sioni haja ya ile mikebe ya unga wa protini inayouzwa kwa bei ya kutisha. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kumwona daktari wake. Cha kupunguza ni soda, mafuta ya kukaangia, sukari ya chai na bia. Siku ya mapumziko ndiyo siku ya kukata tonge la ugali. Anayefunga Ramadhani asogeze zoezi zito baada ya futari.

Kuna watu wawili ambao kwao jambo hili ni la hatari hasa. Wa kwanza ni mgonjwa wa kisukari anayedungwa insulini au anayemeza glibenklamidi. Akifanya mazoezi bila kula, sukari inaweza kushuka hadi akazirai. Dalili zake ni jasho jingi la ghafla, kutetemeka, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Akiwa angali anaweza kumeza, apewe vijiko vitatu vya sukari katika maji, apimwe baada ya dakika 15, na arudiwe ikiwa bado iko chini. Aliyezirai asimwagiwe kitu kinywani, akimbizwe hospitalini. Usibadilishe kipimo cha dawa mwenyewe kwa sababu umeanza kukimbia.

Wa pili ni mwanamke ambaye hedhi yake imekatika tangu aanze mazoezi na kujinyima. Wengine hufurahia, wakidhani ni nafuu. Homoni zinazoleta hedhi ndizo zinazolinda mifupa, na zikipungua kwa njaa mifupa hudhoofika, hata kwa msichana wa miaka 20. Kwanza apimwe mimba. Kama hana, na miezi mitatu imepita bila hedhi, apunguze mazoezi, aongeze chakula, na aende kwa daktari wiki hiyo hiyo.