Ukomo wa Hedhi: Mizizi, Chakula na Mizani ya Homoni

Mikese ni mji mdogo ulio mashariki ya Morogoro, kwenye barabara kuu iendayo Dar es Salaam na kando ya Reli ya Kati. Kutoka hapo huonekana milima ya Uluguru, ambayo akina mama wake huteremka sokoni na mikungu ya ndizi na mafungu ya mboga vichwani. Katika masoko ya barabara hii, kama yalivyo mengi nchini, mizizi na unga wa magome huuzwa jirani na nyanya na dagaa. Katika orodha ya maradhi ambayo muuzaji huyataja, mara nyingi huingia na jambo lisilo maradhi hata kidogo, yaani kukoma kwa hedhi. Mteja huelezwa kwamba homoni zake zimevurugika, na kwamba dawa ya asili itazirudisha katika mizani. Kauli hiyo inastahili kupimwa, kwa kuwa ndani yake mna kweli kidogo na kosa kubwa.

Koki na boya

Mtoto wa kike huzaliwa na chembe za mayai zipatazo milioni moja hadi mbili. Afikiapo balehe zimebaki laki tatu hadi nne, na katika umri wote wa kuzaa ni mayai kama 400 tu yanayopevuka na kutolewa. Mengine hufa humo humo ndani ya ovari. Akiba hiyo haijazwi upya. Inapokaribia kwisha, kwa wanawake walio wengi kati ya miaka 45 na 55, hedhi huanza kuruka miezi, na hatimaye husimama. Madaktari humhesabu mwanamke kuwa amekoma hedhi zinapotimia siku za miezi 12 mfululizo bila kuona damu, ilimradi hakuna sababu nyingine kama mimba au dawa.

Mwalimu wa biolojia aweza kulifafanua jambo hili kwa mfano wa tangi la maji lenye koki ya boya. Maji yakipungua, boya hushuka na koki hufunguka. Tangi likijaa, boya hupanda na koki hufunga. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, ndiyo koki. Hutoa homoni za kuziamsha ovari, nazo ovari hutoa estrojeni, ambayo ikiongezeka huiambia pituitari ipunguze. Mayai yakiisha, estrojeni hushuka, na pituitari huendelea kumimina homoni zake kwa wingi bila kupata jibu. Basi hakuna kilichovurugika. Koki ni nzima na boya ni zima. Ila chombo kilichokuwa kikitoa jibu kimemaliza kazi yake. Hakuna mzizi unaoweza kuotesha mayai mapya, na anayeahidi kuirudisha mizani ya ujanani ameahidi asichoweza kukitenda.

Mwili haubaki bila estrojeni kabisa. Tezi zilizo juu ya mafigo huendelea kutoa homoni ambazo tishu za mafuta huzigeuza kuwa estrojeni hafifu. Kiasi chake ni kidogo, wala hakiwezi kuanzisha hedhi tena.

Joto lisilo homa

Dalili inayojulikana zaidi ni vipindi vya joto la ghafla. Joto huanza kifuani, hupanda shingoni na usoni, jasho hutoka, moyo hupiga haraka, na baada ya dakika chache mwanamke huona baridi. Chanzo chake kiko katika hipothalamasi, sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili. Humo mna neva ambazo kwa kawaida hutulizwa na estrojeni. Ikipungua, neva hizo huchachamaa na kuifanya hipothalamasi idhani kwamba mwili umepata joto kupita kiasi, ijapokuwa umezidi kidogo sana. Ujuzi huu umezaa dawa mpya zisizo homoni, zinazozuia ujumbe wa neva hizo. Ya kwanza, fezolinetant, iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 2023.

Katika mkoa wa Morogoro, wenye malaria ya miaka na miaka, dalili hizi zina hatari ya pekee. Mwanamke wa miaka 48 anayeamka usiku ametota jasho na kutetemeka hudhani amepata homa, akanunua dawa ya malaria bila kupimwa. Mwezi unaofuata hali hujirudia, naye hununua tena. Kosa la pili ni baya kuliko hilo, nalo ni la mwenye malaria kweli, au kifua kikuu, kuambiwa kwamba ni utu uzima tu. Kipimajoto na kipimo cha damu huamua haraka. Kipindi cha joto cha ukomo wa hedhi hakipandishi joto la mwili kama homa ipandishavyo, na hupita kwa dakika. Jasho la usiku linaloandamana na kikohozi cha wiki mbili au kukonda ni la kupelekwa hospitali.

Soya na viazi vikuu

Ile kweli kidogo iliyotajwa hapo mwanzo imo katika mimea yenye kemikali zinazofanana na estrojeni. Mashuhuri kati yake ni isoflavoni za soya, zao lililofikishwa nchini tangu enzi ya Wajerumani na ambalo leo husagwa katika unga wa lishe. Isoflavoni hujishikiza mahali pale pale panaposhika estrojeni katika chembe za mwili, ila kwa nguvu ndogo sana. Majaribio mengi yameonyesha kwamba hupunguza vipindi vya joto kwa kiasi, si kwa kila mtu. Tofauti moja ni bakteria wa utumbo: wapo wanaoigeuza daizeini ya soya kuwa ekuoli, yenye nguvu zaidi, na si kila mwanamke anao. Maharage ya soya yaliyopikwa vema ni chakula kizuri chenye protini, na hayo peke yake ni sababu tosha ya kuyala.

Viazi vikuu vina kisa cha kupotosha. Katika miaka ya 1940 mkemia Russell Marker alitumia viazi vikuu vya mwituni vya Mexico kupata diosjenini, akaigeuza kuwa projesteroni. Ndipo likazuka dai kwamba kula viazi hivyo, au kujipaka malhamu yake, huongeza projesteroni mwilini. Mageuzi yale hufanyika katika chupa za maabara, kwa kemikali kali. Mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuyafanya.

Kwa nini basi wanawake wengi husema mzizi umewafaa? Hawasemi uongo. Katika majaribio ya dawa za vipindi vya joto, kundi linalopewa dawa bandia pia hupata nafuu kubwa, pengine vipindi vikapungua kwa nusu. Dalili zenyewe hupungua kadiri miaka inavyopita, na anayesikilizwa kwa upole hulala vizuri zaidi. Ndiyo maana dawa hupimwa kwa kulinganisha makundi mawili, wala haitoshi kuuliza waliotumia.

Mzizi ambao kweli ungekuwa na nguvu ya estrojeni ungekuwa na hatari zake pia. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba wanawake waliomeza estrojeni bila projesteroni walipata saratani ya utando wa mfuko wa uzazi zaidi ya wengine. Tangu hapo, mwenye mfuko wa uzazi hupewa homoni zote mbili. Nazo zina mizani yake ya faida na madhara, inayotegemea umri na afya ya mtumiaji. Daktari ndiye wa kuipima. Dawa ya hospitali kipimo chake kinajulikana. Kijiko cha unga wa sokoni hakina kipimo, na hata jina la mmea huenda halijulikani.

Mifupa

Mahali ambapo njia za asili zina nguvu ya kweli ni pale pasipotangazwa na muuzaji. Estrojeni huzuia chembe zinazomomonyoa mfupa. Ikishuka, mfupa hupungua upesi katika miaka ya mwanzo, na kuanguka kidogo kwaweza kuvunja nyonga au kifundo cha mkono. Dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao wana kalsiamu nyingi, na maziwa pia. Mchicha hutajwa kila mara, lakini sehemu kubwa ya kalsiamu yake imefungwa na oksaleti na hupita bila kufyonzwa. Jua, ambalo Mikese hawalikosi, huiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D. Zaidi ya yote, mfupa huimarika kwa kubebeshwa uzito: kutembea, kulima, kupanda mlima. Mama wa Uluguru amefanya mazoezi hayo tangu utotoni, ijapokuwa mzigo mzito wa kichwani huichosha shingo, na hakuna haja ya kuusifia.

Tanzania yenyewe imechangia katika swali la kwa nini uzazi hukoma mapema na maisha yakaendelea. Katika miaka ya 1980 Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walikaa na Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, wakihesabu saa za kazi na uzito wa chakula. Waligundua kwamba wanawake waliokwisha kukoma hedhi walichimba mizizi ya chakula kwa saa nyingi kuliko mabinti zao, na kwamba mama akiwa na kitoto kichanga, watoto waliotangulia walinenepa kulingana na juhudi ya bibi yao. Hoja iliyojengwa juu ya hayo, kwamba bibi ndiye aliyerefusha maisha ya binadamu, bado inabishaniwa. Kwa Waluguru, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, haitaonekana ngeni.

Damu inayorudi

Jambo moja halingoji mzizi wala soya. Mwanamke aliyekwisha kupita mwaka mzima bila hedhi, kisha akaona damu, hata tone, hajarudiwa na ujana. Mara nyingi sababu ni ndogo, kama vile kukauka na kunywea kwa utando wa uke. Lakini yaweza kuwa saratani ya mfuko wa uzazi au ya mlango wake, na hii ya mlango ndiyo inayoongoza kati ya saratani za wanawake wa Tanzania. Ikigunduliwa mapema hutibika. Miezi inayopotea kwa kubadilisha dawa za unga ndiyo inayoifikisha mahali pasipotibika. Katika vituo vingi vya afya mlango wa uzazi hukaguliwa kwa kupakwa siki, ambayo huigeuza sehemu yenye kasoro kuwa nyeupe. Kipimo hicho humfaa zaidi mwanamke ambaye bado anapata hedhi, kwani baada ya kukoma, sehemu inayopaswa kuonekana huingia ndani. Kwa hiyo mwenye kutokwa na damu asiridhike na jibu la siki peke yake, bali aombe apelekwe hospitali ya mkoa, akaguliwe mlango na utando wa mfuko wa uzazi wenyewe.