Mchora Sungura Aliyenunua Shamba

Wasomaji walio wakulima huenda wakashangaa kusikia kwamba kalamu ya wino na rangi za maji zaweza kumpatia mtu shamba. Bibi Beatrix Potter, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1866, alilipata.

Tarehe 4 Septemba, 1893, alimwandikia barua Noel Moore, mtoto mgonjwa wa mwalimu wake wa zamani. Kwa kukosa la kumwandikia, alimtungia hadithi ya sungura mtundu aliyeingia bustanini kula mboga za watu (mwizi huyu twamjua sote!), akaitia picha.

Miaka ilipopita aliiazima ile barua, akatengeneza kitabu, akakipeleka kwa wachapishaji. Wakakikataa. Basi Desemba 1901 alitoa fedha zake mwenyewe, akapigisha chapa nakala 250. Mwaka 1902 kampuni ya Frederick Warne, ambayo nayo ilikuwa imekataa, ikakitoa kikiwa na picha za rangi.

Sungura yule amevaa koti la buluu, jambo la kuchekesha. Lakini masikio, miguu na makucha ni ya sungura hasa, maana Bibi Potter alifuga sungura nyumbani na kuwachora miaka mingi.

Mwaka 1905, kwa fedha za vitabu pamoja na urithi kidogo, alinunua shamba la Hill Top, kaskazini ya Uingereza. Akawa mfugaji hodari wa kondoo wa Herdwick. Alipofariki mwaka 1943 aliachia chama cha National Trust eka zaidi ya 4,000, akiagiza kondoo wale waendelee kufugwa.