Uzito, Umbali na Bei ya Dizeli Wilayani Ngara na Biharamulo

Bei ya mafuta ilipopanda duniani mwaka 2022, baada ya vita ya Ukraine kuanza, Serikali ya Tanzania ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 mwezi Juni ili kupunguza makali yake. Je, ongezeko kama hilo humfikiaje mwashi wa Ngara au Biharamulo? Yafaa tupige hesabu.

Kutoka Dar es Salaam hadi Ngara ni yapata kilometa 1,300. Tuchukue lori la tani 30 linalotumia lita 40 kwa kila kilometa 100: safari moja huteketeza lita 520. Dizeli ikipanda kwa shilingi 1,000 kila lita, gharama huongezeka kwa shilingi 520,000. Zikigawanywa kwa mifuko 600 ya saruji, kila mfuko huongezewa karibu shilingi 870, na lori likirudi tupu ni zaidi. Redio ya kilo moja huongezewa shilingi 17 tu! Kiumiacho, basi, ni kitu kizito chenye bei ndogo.

Ndizi nazo ni nzito. Mchuuzi hukata gharama za safari katika bei anayomlipa mkulima; hivyo mkulima huilipia dizeli anunuapo na auzapo.

Mwenye mashine ya kusaga huumia papo hapo, kwani injini yake hugeuza kiasi cha theluthi tu ya nishati ya dizeli kuwa kazi. Iliyobaki hupotea kama joto. Huyu aweza kuhamia kwenye umeme, na maporomoko ya Rusumo yana mtambo wa megawati 80, wa Tanzania, Rwanda na Burundi kwa pamoja. Lori la saruji bado lategemea dizeli.